Somo Yake Baba na Chumba cha Askari

Mara ya kwanza nilikwenda katika chumba cha askari kwa ajili ya mapazia. Wakati huo nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja la vitambaa mtaa wa Mlandege, mjini Unguja, miaka ile bidhaa zilipoanza kuingia tena kwa wingi, watu wakawa wanashona nguo mpya hata pasipokuwa na sikukuu. Bibi mmoja wa makamo, amevaa buibui na kubeba mkoba wa ngozi uliochakaa, alisimama mbele yangu akaniuliza kama naweza kushona mapazia mazito ya madirisha marefu. Nikamwambia naweza, anipe vipimo tu.

"Njoo upime mwenyewe, binti," akasema. "Mie nikipima nitakutia hasara."

Alikuwa mtunzaji wa makumbusho madogo ya historia ya askari, yaliyokuwa katika nyumba moja kongwe ya serikali upande wa pwani wa Mji Mkongwe. Nyumba ile nilipita mbele yake tangu utotoni, nikiiona mizinga imelala uani, na sikuwahi kujiuliza ndani mna nini. Siku hiyo niliingia. Mlikuwa na chumba kirefu chenye dari ya boriti na harufu ya chokaa iliyolowa. Katika makabati ya vioo mlikuwa na majambia, bunduki za gumegume, tarumbeta iliyobonyea, na kofia za chuma. Ukutani zilitundikwa picha za maofisa wa Kizungu wamekaa vitini wamekunja mikono, na nyuma yao askari wa kwetu, wa kila rangi, wamesimama mistari.

Jua la mchana lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye picha zile. Bibi mtunzaji akanionyesha.

"Kila mwaka nyuso zinazidi kufutika," akasema. "Hawa waliokaa wana majina chini. Hawa waliosimama simjui hata mmoja."

Nilikuwa juu ya kiti, nimeshika utepe wa kupimia. Nikamwambia, bila kufikiri sana, "Baba yangu alikwenda Bama."

Bama ndivyo wazee wetu walivyoiita Burma, nchi ya mbali walikopelekwa na Mwingereza wakati wa Vita vya Pili kwenda kupigana na Wajapani. Mtunzaji akaacha alichokuwa akikifanya.

"Yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi. Lakini hasemi."

Baba alikuwa Mwarabu wa Unguja, wa kizazi ambacho babu zao walikuwa na mashamba ya mikarafuu. La kwetu lilikuwa upande wa kaskazini, mbele ya Mahonda. Baada ya Mapinduzi lilichukuliwa pamoja na mengine, likakatwa vipande vya eka tatu tatu, wakapewa watu. Baba akapata kazi ya mizani katika ghala la karafuu bandarini, akawa anapima karafuu za wengine mpaka alipostaafu. Kuhusu shamba hakusema neno. Kuhusu Bama pia hakusema. Sisi watoto tulijua vita vilikuwepo kwa sababu mvua kubwa ikinyesha baba alikuwa hawezi kukaa chumbani. Hutoka akasimama ukumbini, mikono nyuma, mpaka ikatike. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia, "Mwacheni, yuko kwenye mvua zake."

Usiku huo nilimwambia habari za makumbusho. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mie bado sijafa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mapazia yaliisha, nikayapeleka, na yalipotundikwa chumba kikapoa. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Nikawa napita pale nikitoka dukani, mara naleta vipande vya kitambaa cha kutandika chini ya vitu kabatini, mara nasaidia kupukuta vumbi. Bibi mtunzaji hakuwa na watu wala fungu la maana. Wenye maduka wa Mlandege, nilipowaeleza, walinipa mabaki ya majora, mmoja akatoa jora zima la marekani, akaniambia babu yake alikuwa mpiga ngoma katika bendi ya askari wa Sultani na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Siku moja mtunzaji akanionyesha kitu kilichosimamishwa nyuma ya mlango: miti miwili mirefu iliyozungushiwa turubali iliyochanika. Ilikuwa machela, kile kitanda cha kubebea majeruhi.

"Utaweza kuishona hii?"

Turubali ile ilitaka sindano nene na nafasi. Nikamwita hamali, akanipelekea nyumbani kwa mkokoteni, nikaitandaza ukumbini ikajaa kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwa nimepiga magoti nikitafuta pa kuanzia baba aliporudi kutoka kuswali alasiri. Nilimsikia anavua viatu. Kisha sikusikia kitu. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni, amekamata fremu.

"Imetoka wapi?"

"Makumbusho, baba. Nimepewa niishone."

Akaingia polepole, akaizunguka kama mtu anayezunguka mnyama aliyelala. Mwishowe akakaa chini, jambo ambalo alikuwa halifanyi tena kwa sababu ya magoti yake, akapitisha kiganja juu ya mti mmoja.

"Upande huu ulikuwa wangu," akasema. "Sisemi machela hii. Nasema upande huu. Wa miguuni. Somo yangu alikuwa kichwani."

Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana somo. Baba akanieleza kwamba walipojiandikisha, katika kikosi chao walikuwemo Waunguja wawili wa jina moja, yeye na kijana mmoja wa Kitumbatu, mtoto wa mvuvi wa Mkokotoni. Sajini wao akawaweka kwenye machela moja ili akiita jina moja waje wote wawili. Bunduki hawakupewa. Kazi yao ilikuwa kuingia mwituni, kuokota walioumia na kuwashusha. Mvua za huko, alisema, hazikatiki. Udongo unashika mguu mpaka magotini. Mlima wa kupanda kwa saa moja mtu asiye na mzigo, wao na majeruhi waliupanda kutwa.

"Mtu akitufia njiani hatukumwacha," akasema. "Somo alikuwa hataki. Mie nilisema tumwache, tukamchukue aliye hai. Yeye anasema, na huyu mamake yuko hai. Basi tunakwenda naye."

Aliongea mpaka adhana ya magharibi. Nikamwuliza huyo somo aliishia wapi. Uso wake ukajifunga.

"Alirudi salama. Tulikuwa kama ndugu, alikuwa akija kwetu, analala. Halafu shamba letu lilipogawiwa, eka tatu za kisimani akapewa yeye." Akainuka kwa kushikilia ukuta. "Hapa pashone mara mbili, patachanika tena," akasema, akaenda kutia udhu.

Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe makumbusho, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti. Mtunzaji alimpokea kwa shikamoo ya heshima kubwa, baba akaitikia marahaba huku macho yake yakitembea kwenye kuta. Alisimama mbele ya picha moja kwa muda mrefu. Akataja jina la mmoja wa waliosimama, kisha jingine. Mtunzaji akachukua penseli. Tangu siku hiyo baba akawa anakuja kila Alhamisi, siku ya wanafunzi. Tulimwekea kiti karibu na machela iliyoshonwa, na yeye, ambaye sisi wanawe hakutusimulia kitu, akawa anawasimulia watoto wa watu.

Ila alikuwa na mahali anapokatisha. Mwanafunzi mmoja akamwuliza, "Babu, huyo mwenzako yuko wapi sasa?"

"Alifia kule kule," baba akajibu.

Nilikuwa nimesimama dirishani. Tulitazamana. Akageuza macho yake kwanza. Nyumbani sikumwuliza, sikuona njia ya kumwuliza mzazi wangu swali hilo. Na akaendelea kusema hivyo hivyo kila Alhamisi. Mtunzaji, ambaye hakujua lolote, akaandika kibao kidogo chini ya machela: kwamba machela kama hii ilibebwa na Waunguja wawili, mmoja wao akafariki Bama. Nilikisoma kibao kile, na bado sikumwambia ukweli.

Mtunzaji ndiye aliyepeleka tangazo redioni. Aliomba wazee wote waliokwenda vitani wafike, au jamaa zao walete chochote walichonacho: picha, nishani, hata kijiko. Hakutuambia kabla, alitaka iwe furaha kwetu. Alhamisi ile chumba kilijaa. Walikuja wazee kutoka Makunduchi na Ng'ambo, mjane mmoja kutoka Mbweni na blanketi la jeshi alilokuwa akilitunza sandukuni, na darasa zima la wanafunzi. Baba alishangaa kuona watu, lakini akakaa kitini pake akaanza. Alisimulia vizuri siku ile kuliko siku zote. Akafika kwenye mlima, akafika kwenye mvua, akafika mwisho wake wa kila siku.

"Na mwenzangu," akasema, "Mungu amrehemu, alifia kule."

"Nilikufa lini, somo?"

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mzee mrefu, mweusi, mabega mapana, amevaa kikoi na shati jeupe, kofia yake ya viua ameishika mkononi. Baadhi ya watu wakacheka wakidhani ni mzaha wa wazee. Baba hakucheka. Mtunzaji akaniangalia, akaniona nilivyoshtuka, akafahamu si mzaha. Akawapigia makofi wanafunzi: "Twendeni tukaione mizinga," na wageni wengine akawapeleka kwenye chumba cha pili penye kahawa na halua. Nilitaka kutoka nami, baba akaninyooshea kidole nibaki.

Mgeni akaja akakaa kwenye benchi, mbali kidogo. Nikamwamkia. Akaitikia, akanikagua, akasema nimefanana na mama yangu. Kisha akamgeukia baba.

"Umeniua, bwana."

"Nimekuua," baba akasema. "Ningesema nini kwa watoto? Niseme yu hai, anachuma karafuu za baba yangu?"

"Nilipewa."

"Ulipewa."

"Tuliitwa uwanjani, yakasomwa majina. Likasomwa langu. Nikapelekwa nikaonyeshwa eka zangu, nikaona kisima cha babako, nilichonywea maji yake mimi. Ningekataa, siku zile, ningeambiwa kibaraka. Na nilikuwa na watoto, somo. Sitakudanganya. Nililitaka pia. Baba yangu alikufa hana hata mnazi mmoja."

Uani watoto walikuwa wanapanda juu ya mizinga, na sauti ya mtunzaji ikiwashusha.

"Ungekuja kunambia," baba akasema mwishowe. "Ningelisikia kwako, si kwa watu wa sokoni."

"Nilikuja! Nilikuja mara mbili kwa miguu yangu. Mkeo akanijibu dirishani, hayupo. Mara ya pili nikasikia ukohozi. Miaka ile yote nimelala karibu yako mvuani, sikujui ukohozi wako?"

Nilidhani baba atakana. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga, akaangalia mikono yake.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Uliniogopa mie?"

"Siku zile nani hakuogopa mlango ukigongwa? Lakini niliposikia ni wewe..." Akakwama. Alipoendelea sauti ilikuwa imeshuka. "Niliogopa nikikuona nitakuchukia. Nilikuwa nshapoteza mengi, sikutaka kukupoteza na wewe. Nikaona bora nisikuone."

"Na ukanipoteza vile vile."

"Nkakupoteza vile vile."

Hawakukumbatiana wala hawakulia, kama watu wengine walivyokuja kuhadithia baadaye. Walikaa. Baba akauliza, "Ule mti wa mama, mdoriani, bado upo?"

"Ulianguka kwa upepo, zamani. Lakini umechipua ubavuni."

Baba akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa salamu kutoka nyumbani. Kisha akaniita, akaniambia nimwombe mtunzaji akiondoe kile kibao.

Mzee yule akawa anakuja Alhamisi naye, akitoka kaskazini alfajiri. Wakawa wanawasimulia wanafunzi pamoja, na kila jambo wanabishana: mto ulikuwa upande gani, nani aliteleza, sajini alikuwa mkali au hakuwa. Watoto walipenda ubishi ule kuliko hadithi yenyewe. Lakini kila akimwalika baba shambani, baba alikuwa na udhuru. Magoti. Joto. Mfungo. Ulipita zaidi ya mwaka ndipo aliponiambia asubuhi moja, "Kodi gari, twende."

Shamba sikulikumbuka, nililiacha nikiwa mtoto wa kubebwa. Niliona nyumba ya mawe na bati, mikarafuu iliyozeeka, majamvi yaliyotandazwa karafuu mbichi, na watoto na wajukuu wamejipanga kutusalimia. Baba alitembea polepole, somo yake kando yake, akigusa mti huu na ule. Alipofika kisimani alisimama. Msichana mmoja, binti wa mwisho wa mwenye nyumba, alikuwa anateka maji. Akamwamkia, akampa ndoo anawe. Baba akanawa uso. Nilimwona kwa mbali akiufuta kwa ncha ya kanzu kwa muda mrefu kuliko maji yalivyotaka.

Mie nilikaa jikoni na mke wa mzee, tukikuna nazi. Alikuwa mama wa maneno machache. Akaniambia, bila kuinua kichwa, "Siku aliyorudi kutoka mjini, mara ile ya pili, nilidhani atakuja na hasira. Kafungiwa mlango, baada ya urafiki ule. Akaingia, akaniambia, nipe chakula. Alikuwa hajala siku nyingi. Nikamwuliza, umemwona? Akasema, sikumwona, nimemsikia anakohoa. Yu hai. Akala, akalala."

Nikaacha kukuna. Zilikuwa siku ambazo watu walikuwa hawajui nani yu hai na nani hayupo.

Tukiwa njiani kurudi nilimweleza baba maneno yale. Nilidhani nampa zawadi. Lakini Alhamisi iliyofuata hakwenda makumbusho, wala iliyofuata hiyo. Alikaa chumbani na tasbihi yake. Nilijilaumu, nilihisi nimefungua jeraha ambalo wazee wale wenyewe walikwisha kulifunika wanavyojua. Kila juma mzee wa Mkokotoni alikuja, akakaa kwenye benchi, akawasimulia watoto peke yake, akaniuliza, "Hajambo?" Nikajibu, "Hajambo." Hakuuliza zaidi. Mpaka Alhamisi moja akaja nyumbani kwetu na mkungu wa ndizi, akapiga hodi. Nilikuwa juu. Nilisikia baba anatembea, nikasikia komeo la mlango mkubwa linavutwa. Alikwenda kufungua yeye mwenyewe.

"Karibu," nilimsikia anasema. "Karibu ndani, somo. Nilikuwa navaa."

Walikwenda pamoja siku hiyo, na siku nyingine nyingi, mpaka baba alipofariki kwa maradhi ya moyo. Mzee alikaa kwetu siku zote za matanga, akapokea watu mlangoni kama mfiwa, na hakuna jamaa yetu aliyeuliza kwa nini, hata wale ambao nao mashamba yao yaliondoka.

Chumba cha askari kilifungwa miaka michache baadaye, paa lilipoanza kuvuja. Vitu vikahamishiwa ghalani. Bibi mtunzaji alikuwa amekwisha kustaafu, lakini alikuja na kanga kiunoni tukafunga vitu pamoja, mie, yeye na wanawake wa mtaani, kila picha katika kitambaa chake, na karafuu kavu ndani kuzuia nondo. Wenye maduka wa Mlandege tuliwarudia tena. Wengine walishachoka na sisi. Mmoja akaniuliza, kuna faida gani kutunza vyombo vya vita ambavyo havikuwa vyetu? Nilimwambia tu kwamba baba yangu alikaa nami nyumba moja maisha yake yote, na lau si chumba kile ningemzika bila kumjua. Akanipa jora la turubali.

Paa lilitengenezwa, na chumba kikafunguliwa tena, kidogo kuliko mwanzo. Mzee wa Mkokotoni hakukiona, alikuwa ameshatangulia. Aliyekuja kutoka kwao siku ya kufungua ni yule binti yake wa mwisho, sasa mwalimu wa skuli, na wanafunzi wake nyuma. Waliponizunguka na kuniuliza picha za nani hizi, nikaanza: hawa walikwenda Bama, kama baba yangu, kama baba yake mwalimu wenu. Nilipofika kwenye habari za shamba nikasita. Nilimwangalia mwalimu. Sikujua wazee wa watoto wale walikuwa upande gani wa jambo lile, wala kama ni langu kulisema mbele yake.

"Sema, dada," akaniambia. "Wewe sema ulivyosikia kwenu, nami nitasema nilivyosikia kwetu."

Akawaambia wanafunzi wakae chini. Nikasema.